Sina swali, Mheshimiwa: kisa cha washtakiwa wawili wa kesi moja

Walishuka kwenye karandinga moja, wakasimama kizimba kimoja, wakasomewa hati moja ya mashtaka: unyang'anyi wa kutumia silaha. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa mtoto wa mkandarasi anayejulikana hapa Dodoma. Wa pili alikuwa dereva wa bodaboda, kijana wa Kigogo kutoka kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino, anayeendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya shilingi elfu saba kwa siku. Kesi ilipoisha, wa kwanza alirudi nyumbani bila hata kuitwa kujitetea. Wa pili alihukumiwa kifungo cha miaka 30 akapelekwa gereza la Isanga.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kesi hii niliingia katikati, nikaifuata mpaka mwisho wa rufaa, na nimekaa nayo muda mrefu kabla ya kuiandika. Majina, kijiji na mahakama nimevificha, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Yaliyosemwa mahakamani nimeyaacha kama yalivyo kwenye mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu iliyoandikwa na mahakama, maana kisa chenyewe kiko humo.

Niseme mapema jambo moja. Pale kijijini kila mtu anaamini mlungula ulipita. Tajiri kaachiwa, maskini kafungwa, watu wanajumlisha wenyewe. Mimi sina ushahidi wa rushwa katika kesi hii na sidai kwamba ilikuwepo. Nimeusoma mwenendo wote, karatasi kwa karatasi, mara nne. Kilichowatenganisha vijana wale wawili kimeandikwa mle waziwazi, na kila hatua yake ni halali. Hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Usiku wenyewe

Ilikuwa Juni, wakati wa alizeti. Mzee mmoja mnunuzi wa mazao alivamiwa nyumbani kwake saa nane usiku na watu watatu wenye mapanga. Walichukua fedha za kununulia mzigo na simu mbili, wakamjeruhi mkono. Mzee alisema aliwaona kwa mwanga wa taa ya sola, na kwamba nje palikuwa na pikipiki nyekundu. Usiku ule ule alimweleza mtendaji wa kijiji. Siku tatu baadaye polisi waliwakamata hawa wawili kwa pamoja, saa mbili usiku, kwenye banda la kuangalizia mpira. Wa tatu hakupatikana hadi leo.

Kwa nini wao? Pikipiki ya kijana ilikuwa nyekundu, kama zilivyo nyingi pale kijiweni. Mtoto wa mkandarasi alikuwa mteja wake wa mara kwa mara, na wiki ile walikuwa wamepigiana simu. Hayo tu.

Kijana anasema usiku wa tukio alikuwa Kibaigwa. Alimpeleka mteja soko la mahindi, klachi ikaungua, fundi akamwambia arudi asubuhi, akalala gesti. Kila aliyewahi kulala gesti za kwetu anajua unavyopokelewa: kabla ya ufunguo unaletewa daftari la wageni, unaandika jina, kabila, utokako, uendako, tarehe, unatia sahihi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye daftari hilo. Lishike hilo daftari, nitalirudia.

Unyang'anyi wa kutumia silaha ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki. Kwa hiyo wote wawili walilala mahabusu, tajiri na maskini. Hapo ndipo mahali pekee walipolingana.

Ndani ya wiki ya kwanza, baba wa mshtakiwa wa kwanza alikuwa ameshaweka mawakili wawili. Walimtembelea mwanawe mahabusu, wakakaa naye, wakaandika. Wakaomba nakala za maelezo ya mashahidi. Wakaandaa taarifa ya maandishi kwamba mteja wao atajitetea kuwa siku ile hakuwepo eneo la tukio, wakaipeleka mahakamani na kumpa mwendesha mashtaka nakala, kabla shahidi wa kwanza hajaapishwa. Taarifa ile haikufika hata kutumika. Ilikuwa akiba tu.

Mama wa mshtakiwa wa pili aliuza mbuzi wawili. Fedha ile ilikuwa ya nauli, apate kumwona mwanawe. Kwenye ofisi moja ya wakili mjini aliulizia gharama, akatajiwa milioni tatu, akashukuru akatoka. Kijana alipokuwa kazini, siku nzuri ikimwendea vizuri, baada ya hesabu ya mwenye pikipiki na mafuta alikuwa akibaki na elfu tano.

Mambo ambayo hayakubishaniwa

Kabla kesi haijaanza kusikilizwa kuna hatua ya hoja za awali. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi, mshtakiwa anaulizwa anakubali yapi na anakataa yapi. Yale asiyoyabishia yanahesabiwa yamethibitika, hayahitaji shahidi. Mawakili wa mshtakiwa wa kwanza walikubali jina la mteja wao na tarehe ya kukamatwa, wakakataa mengine yote. Kijana wa bodaboda alikubali jina lake, kazi yake, rangi ya pikipiki yake, kwamba anamfahamu mshtakiwa wa kwanza, na kwamba "alihojiwa na polisi na kutoa maelezo". Akaweka dole gumba. Kwa akili yake alikuwa anasema ukweli, na ukweli ndio aliofundishwa nyumbani. Hakuna aliyemweleza kwamba neno "maelezo" kwenye karatasi ile lilikuwa na maana ya karatasi fulani ambayo miezi minne baadaye ingekuja kumfunga.

Kisha akaja mzee mwenyewe, shahidi wa kwanza.

Wakili wa mshtakiwa wa kwanza alimdodosa kwa dakika arobaini. Taa ya sola ilikuwa wapi? Sebuleni. Wavamizi walikusimamia wapi? Uani. Kati ya sebule na uani kuna nini? Mlango na pazia. Walikuwa wamevaa nini kichwani? Kofia. Ulikaa nao muda gani? Muda mfupi. Mtu wa kwanza kumweleza ni nani? Mtendaji. Ulimtajia jina la mshtakiwa wa kwanza? Hapana. Kwa nini, na ulikuwa unamfahamu tangu mdogo? Mzee alinyamaza.

Yeyote anayefuatilia mahakama zetu anaijua njia ile. Tangu kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba utambuzi wa usiku ni ushahidi dhaifu kuliko yote, na mahakama isiutegemee mpaka mianya yote ya makosa iwe imezibwa: mwanga, umbali, muda, kufahamiana. Wakili aliipita mianya ile mmoja mmoja.

Kisha hakimu akamgeukia mshtakiwa wa pili. Una swali kwa shahidi? Kwenye mwenendo wa kesi jibu limeandikwa kwa maneno mawili: "Sina swali."

Lakini mama yake alikuwa mle ndani, na aliniambia kijana alisema zaidi ya hapo. Alisema, "Sina swali, Mheshimiwa. Mzee amekosea tu." Sehemu ya pili haikuandikwa, kwa kuwa halikuwa swali.

Baadaye nilimuuliza kijana kwa nini hakuuliza chochote. Akanitazama kama nimesema jambo la ajabu. "Yule ni mtu mzima, ni rika la baba yangu. Kaumizwa mkono. Mimi nisimame nianze kumhoji mbele za watu?" Kwetu kijana habishani na mzee hadharani. Akiona mzee amekosea, anainamisha kichwa, anasubiri watu wazima wengine waone. Kijana alikuwa anasubiri watu wazima waone.

Sheria inaisoma tabia ile vingine kabisa. Msimamo wa Mahakama ya Rufani, uliorudiwa katika mashauri mengi, ni kwamba asiyemdodosa shahidi kwenye jambo la msingi anachukuliwa kuwa amelikubali. Kanuni hiyo ina mantiki yake ikiwa aliyekaa kimya ni wakili, kwa sababu wakili anajua thamani ya kimya chake. Kwa kijana yule wa Chamwino, heshima iliandikwa kuwa kukiri.

Karatasi mbili za asubuhi moja

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike.

Shahidi wa nne alikuwa askari aliyechukua maelezo ya onyo, yaani yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Alianza na mshtakiwa wa kwanza. Alipoomba kuyatoa maelezo yale kama kielelezo, wakili alisimama akaweka pingamizi, na akaruhusiwa kumuuliza. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

Mshtakiwa alikamatwa saa ngapi? Saa mbili usiku. Ulianza kuandika maelezo yake saa ngapi? Saa tatu asubuhi. Una kibali cha kuongezewa muda wa kumhoji? Hapa sina. Kipo ofisini? Hakipo. Mwendesha mashtaka akasema muda wa kusafiri hauhesabiwi, jambo ambalo ni kweli kisheria. Wakili akauliza: kutoka alipokamatwa hadi kituoni ni umbali gani? Kilomita kama kumi na nane. Naomba kitabu cha mahabusu, kinaonyesha aliingizwa saa ngapi? Saa tatu kasoro usiku.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi muda wa saa nne wa kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi kwa kosa husika. Wakihitaji zaidi kuna utaratibu wa kuongeza. Hapa zilipita saa kumi na tatu na hakuna aliyeongeza chochote. Hakimu aliandika uamuzi mdogo wa ukurasa mmoja na nusu, uamuzi mzuri, wenye hoja, akayakataa maelezo yale.

Ukurasa unaofuata wa mwenendo, askari yule yule anaendelea. Anasema alipomaliza na wa kwanza, saa nne na nusu asubuhi ile ile, alimchukua maelezo mshtakiwa wa pili. Anaomba kuyatoa kama kielelezo.

"Mshtakiwa wa pili: Sina pingamizi."

"Mahakama: Maelezo yanapokelewa na kuwa kielelezo P2."

Walikamatwa kwa dakika moja, wakalala chumba kimoja. Karatasi zao ziliandikwa na mkono mmoja, na ya kijana ilichelewa zaidi ya ile iliyokataliwa, kwa saa moja na nusu. Uamuzi wa kuikataa ya kwanza ulikuwa bado haujakauka wino. Ndani ya P2 imeandikwa kwamba kijana aliwabeba watu watatu na kuwasubiri. Yeye anasema alichomwambia askari ni kwamba mtoto wa mkandarasi ni mteja wake na humbeba, na kwamba hakusomewa kilichoandikwa. Nani mkweli kati yao, mahakama ilikuwa na njia ya kulichunguza hilo, lakini njia ile inafunguliwa na mtu kusema "napinga". Ukilisema wakati wa utetezi umechelewa, unaambiwa ni jambo ulilolifikiria baadaye.

"Niliulizwa kama nina pingamizi karatasi ile ipokelewe," aliniambia. "Ile ni karatasi ya serikali. Mimi ni nani niizuie?"

Nilipoingia mimi, na nilipokosea

Mama wa kijana alikuja ofisini kwetu kesho yake, baada ya askari yule kutoa ushahidi. Si kwa ajili ya kesi, alikuja kwa habari ya mpaka wa shamba, na kesi ikatajwa njiani. Nikamuuliza, "Mama, kijana ana wakili?"

"Si yule aliyesimama akaongea vizuri? Mwanangu, yule baba ametusaidia sana. Alimbana mzee kweli kweli."

Alikuwa anaamini wakili yule anawasemea wote wawili. Wameshtakiwa pamoja, wamesimama pamoja, atetewe mmoja mwingine aachwe? Nilimweleza polepole. Akakaa kimya, akafungua pindo la kitenge alipofunga fedha, akazihesabu, akafunga tena.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayotutambua sisi wasaidizi wa kisheria. Inaturuhusu kuelimisha, kushauri, kumwelekeza mtu pa kwenda, kumsaidia kuandaa nyaraka. Haituruhusu kumsemea mtu mahakamani, na naelewa sababu yake, sikusomea uwakili. Ila naomba msomaji apate picha yangu kwenye benchi la nyuma, nikiwa najua swali gani liulizwe, na mdomo umefungwa.

Nililoweza kufanya nililifanya, na moja nililifanya vibaya. Nilimwambia mama alete kwanza barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha hali yake, ili nimtafutie wakili wa kujitolea. Barua ilichukua wiki mbili na nusu. Mwenyekiti alikuwa msibani, kisha mhuri ulikuwa kwa mtendaji. Nilikuwa nangoja faili likamilike ndipo niende Kibaigwa. Nilipofika, mwenye gesti akaniambia daftari la Juni lilijaa, likakaa stoo, na siku za karibuni wamelichana kuwashia jiko la mkaa. Akanionyesha jalada lake tu. Ningekwenda siku ile mama alipotaja Kibaigwa huenda ningelikuta. Sina namna ya kulizunguka hilo, na tangu hapo sijamngojea mtu barua.

Mwenye gesti alimkumbuka kijana kwa sababu ya klachi: alisukuma pikipiki mpaka uani na kuomba ilale ndani. Alikubali kuja kusema. Alikuja siku ya kwanza ya utetezi, kesi ikaahirishwa kwa sababu hakimu alikuwa na dharura. Siku ya pili hakuja. Ana biashara, nauli ilikuwa ya kuchangishana, siwezi kumlaumu. Wakili wa kujitolea niliyempata alikuwa kwenye vikao vya kesi za mauaji, hakuweza kufika kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi.

Mshtakiwa wa kwanza alishaachiwa wakati huo. Mahakama iliona hana kesi ya kujibu: maelezo yake yalikataliwa, utambuzi ulikuwa na mianya. Uamuzi ule ni sahihi. Sitaki mtu asome kisa hiki akadhani nataka yule kijana wa kwanza naye angefungwa. Alipata kile ambacho kila mshtakiwa anapaswa kupata.

Kijana wa bodaboda alipanda kizimbani peke yake, akaapa, akasema alikuwa Kibaigwa. Swali la kwanza la mwendesha mashtaka: uliwahi kutoa taarifa kabla ya leo kwamba utasema ulikuwa Kibaigwa? Akajibu, "Sikujua kama inatakiwa." Sheria inasema anayetaka kujitetea kuwa alikuwa mahali pengine atoe taarifa kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, au angalau aeleze undani wake kabla upande wa mashtaka haujafunga. Asipofanya hivyo, mahakama ina hiari ya kutoupa uzito utetezi huo. Haikuupa. Hukumu ilisimama juu ya miguu mitatu: kielelezo P2 kilichopokelewa bila pingamizi, shahidi wa kwanza ambaye mshtakiwa hakumuuliza swali, na utetezi wa Kibaigwa uliokuja bila taarifa. Kosa lenyewe lina adhabu ya chini isiyopungua miaka 30, hakimu hana pa kupunguza.

Ukiitazama miguu ile mitatu, yote ni kimya. Hakupinga, hakuuliza, hakutoa taarifa. Kanuni zenyewe ziliwekwa kwa sababu za maana, kesi zisiwe za kuviziana. Lakini zimetungwa kwa kudhani kwamba mwenye kukaa kimya anajua maana ya kukaa kimya. Mwenye wakili anayo lugha ya kusemea hapo. Asiye na wakili, kimya chake kinaokotwa na kuwekwa kwenye mizani upande wa mashtaka.

Sheria ilikuwepo

Wapo watakaosema nchi ni maskini, hatuwezi kumpa kila mtu wakili. Nalijua hilo. Lakini angalia mgawanyo ulivyo. Mshtakiwa wa mauaji akifika Mahakama Kuu anawekewa wakili kwa gharama ya umma. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha, ambaye akitiwa hatiani akiwa na miaka 24 na kukitumikia kifungo chote atatoka akiwa na 54, anasikilizwa mahakama ya wilaya, na mara nyingi anajisemea mwenyewe. Ile Sheria ya 2017 inampa jaji au hakimu uwezo wa kuona kwamba haki inahitaji mtu huyu apate msaada na hana uwezo wa kuugharamia, kisha akaelekeza apatiwe. Kwenye mwenendo wa kesi hii nimetafuta swali moja tu, "Una uwezo wa kuweka wakili?" Halimo. Kijana hakuomba kwa sababu hakujua kinaombwa.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilishalisema jambo hili kuhusu nchi yetu. Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, iliamua kwamba uzito wa kosa na wa adhabu ulitosha kuilazimu serikali kumpa wakili hata kama hakuomba. Juni 2016, shauri la Mohamed Abubakari, mfungwa mwingine wa kosa hilo hilo na kifungo hicho hicho, likaamuliwa kwa msimamo ule ule, na mle lilikuwemo pia suala la utetezi wake wa kuwa mahali pengine kutochunguzwa ipasavyo. Yalifuata mengine ya namna hiyo. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likiwaruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri yao moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango huo ukafungwa. Kijana wetu hakuwa na mahali pale pa kwenda.

Mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na nimefanya kazi chini ya maturubai yake. Nimeona wajane wakirudishiwa mashamba, siidharau hata kidogo. Lakini foleni ile ni ya ardhi, mirathi na ndoa. Aliye mahabusu hawezi kuja kupanga foleni, na hata timu ikimfikia gerezani kwa siku moja, siku anapoulizwa "una swali?" timu haipo.

Katiba yetu, Ibara ya 107A, inaiagiza Mahakama kutenda haki kwa wote "bila ya kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi". Katika kesi kama hizi mimi nadhani ili hali hiyo isijalishe mwisho wa kesi, ni lazima ijaliwe mwanzoni. Hakimu amtazame aliye mbele yake siku ya kwanza, amuulize kuhusu wakili, aandike jibu. Na pale ambapo pingamizi la mshtakiwa mmoja limeangusha karatasi, amuulize mwenzake kama anaelewa kwamba ya kwake ina kasoro ile ile. Kufanya hivyo si kumtetea, ni kumfikishia kilichotokea mita mbili kutoka aliposimama.

Nilikwenda pia kumwona mzee. Mkono haujarudi sawa, vidole viwili havikunji. Aliniuliza, "Sasa walionivamia ni nani?" Sikuwa na jibu, na kesi nzima haikumpa.

Isanga

Kusudio la kukata rufaa linatakiwa ndani ya siku kumi. Kijana alilitoa kupitia ofisi ya mkuu wa gereza, hilo magereza walilisimamia vizuri. Sababu za rufaa aliandikiwa na mfungwa mwenzake, aliyekuwa mwalimu kabla ya kufungwa, sababu saba kwa mwandiko safi wa ubaoni. Ya pili ilikuwa hii: kwamba maelezo ya mshtakiwa wa kwanza yalikataliwa kwa kuchukuliwa nje ya muda na ya kwake yakapokelewa, ilhali yalichukuliwa baadaye zaidi. Mfungwa aliliona hilo akiwa na nakala ya mwenendo na kalamu tu.

Mbele ya Mahakama Kuu, Wakili wa Serikali alisimama akasema Jamhuri inaunga mkono rufaa. P2 ikaondolewa kwenye kumbukumbu. Kilichobaki ni utambuzi ule ule ambao haukutosha kwa mshtakiwa wa kwanza. Shauri lilichukua muda usiofika nusu saa. Hatia ikatenguliwa, adhabu ikafutwa, akaamriwa aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Tangu banda la mpira ilikuwa imepita miaka miwili na miezi tisa.

Tajiri wa pikipiki alishampa mtu mwingine. Kijana sasa anabeba magunia Kibaigwa. Mara ya mwisho nilipopita tulikaa kwenye kivuli cha lori, nikamuuliza: leo ukirudishwa pale, mzee yuko mbele yako, ungeuliza nini?

Hakuhitaji kufikiri. "Ningemuuliza ile pikipiki nyekundu aliyoiona kama ilikuwa na keria." Ya kwake ilikuwa na keria ndefu ya chuma aliyochomelea mwenyewe, ya kubebea magunia mawili ya alizeti, inatokeza nyuma karibu mita moja na ina vipande vya kioo chekundu vya kuonekana usiku. Pale kijijini hakuna nyingine kama ile, na mzee alikuwa ameshapakiza mzigo wake juu yake mara nyingi.

Nilirudi nikaufungua tena mwenendo. Neno keria halimo popote.